Ganda la Sindano Mguuni mwa Wangechi

"Teremsha!"

"Siteremshi."

"Wangechi, nimesema teremsha hii mguu kabla wageni hawajafika kwa mlango!"

"Na mimi nimesema iko mahali yake."

Mahali pake palikuwa juu ya mito mitatu, mito ikiwa juu ya kreti ya soda, kreti ikiwa juu ya kigoda, na mnara huo wote ukiwa katikati ya sebule. Mwenye mguu alikuwa amelala chali kwenye kiti cha mbao, kichwa chini na kidevu kifuani, kama kuku aliyefungwa kupelekwa sokoni Karatina. Kidole gumba kilitazama mlango. Yeyote ambaye angeingia kwa Mutahi, mumewe, siku hiyo, wa kwanza kumlaki angekuwa unyayo wa mama mwenye nyumba.

Na waliokuwa njiani hawakuwa watu wa kulakiwa na unyayo. Walikuwa wakwe. Kabura, kifungua mimba wa Wangechi, alikuwa amependana na kijana mmoja aitwaye Peterson, dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano kule Timau, na baba yake Peterson, Mzee Kingori, alikuwa anakuja kwa mara ya kwanza kusema neno. Mzee huyo sifa zake zilikuwa zimeshafika kabla yake: kofia, koti refu, na fimbo nyeusi ambayo hakuiacha hata akienda chooni. Watu walisema ni fimbo ya heshima.

"Tangu lini muthoni, mkwe mzima, akaamkuliwa na unyayo?" aliuliza Watiri. Watiri, au Mama Muriithi, alikuwa dada mkubwa wa Mutahi, na kwenye mgongo ule wa mlima hata mvua ilikuwa haianguki kabla ya kumpigia hodi. "Kwanza unyayo yenyewe angalia. Imevaa soksi ya Mzungu. Mguu moja ni ya Nyeri, ingine ni ya Uingereza. Mzee atafikiri tunamuozesha mtoto wa nani?"

"Mama Muriithi, daktari alisema mguu ikae juu ya moyo."

"Moyo yako iko chini ya kiti siku hizi?"

"Ndiyo iko juu kidogo tu ya kiti. Ndiyo nimejilaza hivi. Uliza Baba Kabura, yeye ndiye alipima."

Baba Kabura, yaani Mutahi, alikuwa kwenye kona akipangusa kikombe ambacho kilikuwa kimeshapanguswa. Mutahi alikuwa mtu wa amani. Alikubaliana na aliyesema mwisho, na kama wawili walisema pamoja, alikohoa.

Akakohoa.

Sasa, huo mguu haukuzaliwa kwenye kreti. Kabla ya hapo ulikuwa mguu wa kazi, na ulijulikana kutoka Wang'uru hadi Nyeri. Ilikuwa miaka michache tu baada ya Uhuru, lami ikiwa bado inanukia upya, na Wangechi alikuwa mwanamke wa mchele. Alishuka Mwea kwa lori, akanunua kwa akina mama wa mashambani, akapanda nao mlimani. Mchele wenyewe ulikuwa wa sindano, ule mwembamba unaoitwa hivyo kwa sababu kila punje ina ncha. Haukuwa na karatasi za serikali. Ulikuwa mchele wa kupita kimya kimya, na kwa sababu hiyo Wangechi alikuwa amejifunza kukaa juu ya magunia akiwa ametandaza sketi tatu, akaonekana kama mama mmoja mnene anayesafiri bila mzigo.

Siku moja lori likafa karibu na Sagana, mita chache tu kabla ya kizuizi cha polisi. Dereva alikwenda kutafuta fundi, na fundi huyo nadhani alikuwa bado hajazaliwa, kwa maana lori lilikaa pale mpaka ndege akajenga kiota kwenye kioo cha pembeni, akataga, akaangua, na vifaranga wakaanza kumwita dereva baba. Wangechi hakuweza kushuka. Angesimama, magunia yangeonekana. Polisi akaja akamwambia, "Mama, shuka unyooshe miguu."

"Afande, siwezi. Niko na mguu mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini?"

"Imevimba. Inauma vibaya sana. Hata kuigusa siwezi." Akaushika mguu wa kushoto, akaulilia machozi ya kweli.

Polisi akamwonea huruma, akamletea chai. Wangechi akainywa pale pale juu, miguu imekunjwa, maganda ya mpunga yakimchoma paja kupitia sketi zote tatu. Alijifanya mgonjwa mchana, akajifanya mgonjwa usiku, akajifanya mgonjwa hata lori lilipopona. Ubaya ni kwamba mguu ulimsikia, ukaamini. Alipofika Karatina na kuteremka, mguu wa kushoto ulikuwa umevimba kutoka nyonga hadi vidole, mwekundu na moto, mkubwa hivi kwamba mbuzi wa jirani walikuja kulala kwenye kivuli chake.

Mutahi akampeleka hospitali.

Huko alikuta daktari kijana wa kutoka pwani, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi na masweta mawili, moja juu ya jingine, kwa sababu baridi ya Nyeri ilikuwa imemwonea tangu siku aliyofika. Akamwangalia mguu, akambonyeza paja taratibu, akasema:

"Bi mkubwa, pole sana."

Wangechi akanuna hapo hapo. Kwao, ukitaka kumwambia mtu kwamba ni mkubwa, unangoja aondoke.

"Damu imeganda," daktari akasema. "Imeganda ndani ya mshipa wa paja."

"Iko na ganda?"

"Imeganda, naam."

Wangechi akampigia Mutahi ukope. Unaona? Alikuwa amejua. Yale maganda yaliyokuwa yakimchoma kwenye lori, moja lilikuwa limepata njia.

"Ni ya sindano," akamwambia daktari, ili asimsumbue kutafuta.

"Naam! Ni ya sindano," daktari akafurahi kupata mgonjwa mwelewa. "Utadungwa sindano kila siku."

"Ingine?"

"Nyingi tu, bi mkubwa, mpaka damu itulie."

"Daktari, wewe ni mzima? Sindano ndiyo imenileta hapa, na wewe unataka kuniongeza?"

Daktari akavua miwani. "Kwani nani alikudunga?"

"Hakuna mtu. Ilinidunga yenyewe. Kwa lori."

Walizunguka hapo mpaka chai ya saa nne ikapita. Mutahi, aliyeulizwa na pande zote mbili, alikohoa hata wauguzi wakataka kumlaza yeye. Hatimaye Wangechi akakubali kudungwa, akiamini kwamba hospitali inafuata desturi ya zamani ya kutoa mwiba kwa mwiba.

Alipotoka hospitali na kurudi nyumbani, hakuona ganda lililotoka. Akaona wamesahau. Akaweka uteo chini, akalala kitandani, akamwambia Mutahi ashike kifundo, na Mutahi akaupepeta ule mguu kama mtu anayepepeta mchele wa harusi. Kilichoanguka ni matope makavu ya Mwea na kifungo kimoja.

Mwezi ulipopita wakarudi kwa daktari. Siku hiyo ndipo alipomweleza vizuri. Hakuna ganda la mpunga, akasema. Damu yenyewe ndiyo iliyoshikana, kama maziwa yaliyoganda kwenye kibuyu.

"Kwa hivyo niko na maziwa rara kwa mguu?"

"Kitu kama hicho."

Wangechi akafikiri. Ukweli aliuelewa, lakini ganda lilikuwa na hadithi tamu zaidi, basi akalibakisha kwa matumizi ya sokoni.

"Sasa nitapona, ama?"

Hapo daktari naye akaanza kuuliza. Akamwuliza umri wake. Akamwuliza kama damu iliwahi kumganda siku nyingine. Akamweka kwenye mizani, akasoma, akamwangalia, akasoma tena. Akabonyeza muundi kwa kidole gumba, akaondoa kidole, kishimo kikabaki pale pale kama alama ya kwato kwenye njia ya matope. Wangechi alikuwa amemwona mundu mugo akipiga ramli utotoni, na hii haikuwa tofauti kubwa, isipokuwa mundu mugo hakuwa na baridi.

"Sikiliza, bi mkubwa. Ndani ya mshipa mna vilango vidogo vidogo. Damu ikipanda, vinafunguka. Ikitaka kurudi chini, vinajifunga. Damu ikiganda hapo, vilango huharibika."

"Kama zile milango za mifereji ya Mwea."

"Sijafika Mwea."

"Mlango ya juu ikioza, maji inakimbia yote chini. Shamba ya mwisho inafurika, mpunga inaoza kwa mizizi."

Daktari akamtazama upya. "Ndivyo hasa. Na shamba la mwisho ni kifundo chako."

Wangechi akakitazama kifundo chake. Yeye alikuwa ameona mashamba hayo.

"Wote huoza?" akauliza.

"La. Karibu nusu ya watu hupata shida baadaye. Nusu nyingine hawapati."

"Nusu?" Hapo akapata nguvu, maana hilo lilikuwa jambo la sokoni. "Nusu ni bei ya kwanza. Daktari, mimi nimetoka mbali. Sema ya mwisho."

"Haipunguzwi, bi mkubwa. Tena kwako inapanda kidogo."

"Inapanda kwa nini?"

"Damu yako imeganda juu, pajani. Wale wa chini ya goti huwa na afadhali. Halafu, mwili wako..." akatafuta neno kwenye dari, "...umebarikiwa. Na mwezi umepita, lakini jioni mguu bado unavimba na kuuma. Hizo ni dalili ninazoziangalia. Sisemi itakuwa. Nasema wewe ni wa kuchungwa."

"Nichungwe nisifanye nini?"

Akamweleza. Mguu utaanza kuwa mzito kila jioni, kama wa kuazima. Utawasha. Ngozi itakuwa nyeusi.

"Nyeusi kuliko hii?"

"Nyeusi kama chungu. Kisha itakuwa ngumu. Kifundo kitabana, juu patajaa, mguu uwe kama kibuyu kilichosimama kwa shingo. Na mwisho kidonda, hapa, juu ya kifundo cha ndani. Hicho hukaa miaka. Kinafunga, kinafunguka."

Wangechi akacheka, kicheko kikubwa cha kufukuza jambo. "Mundu mugo wa kwetu hutikisa kibuyu kwanza ndiyo atabiri. Wewe unatabiri kwanza, harafu kibuyu inakuja nyuma!"

"Ikija."

"Na itakuja lini?"

"Pengine mwaka ujao. Pengine miaka mitano. Pengine isije kabisa."

"Hata mvua inajua mwezi yake, daktari."

"Ndiyo maana hatungoji. Vaa soksi ya kubana kila siku, tangu asubuhi. Tembea. Usikae kama gunia. Na ukikaa, mguu uwe juu ya moyo."

Soksi ilipatikana mjini Nyeri, kwenye duka la Mhindi mmoja. Mwenye duka alipoona kwamba ni habari ya paja, akaikabidhi kwa mkewe Gomti, akakimbilia nyuma kuhesabu misumari. Gomti akamwingiza Wangechi nyuma ya pazia, akampima, akaanza kumvisha. Waliivuta ile soksi mpaka rafu ikatikisika na mabakuli ya enameli yakaanza kuimba.

"Vuta, mama!"

"Navuta!"

"Wewe vuta juu, mimi sukuma nyama chini!"

"Nyama yangu usiisukume, niliinunua ghali!"

Walipotoka pazia limewaangukia wote wawili, Gomti amepoteza bangili, na soksi imeingia. Ilikuwa ya rangi ya Mzungu aliyeungua jua kidogo. Kufikia Jumapili watu wa kanisa walikuwa wanasema Wangechi anageuka Mzungu kuanzia chini, na kwamba kufikia Krismasi atakuwa amefika kiunoni.

Hayo hayakumsumbua. Kilichomsumbua hakuwahi kumwambia mtu. Mwanamke wa mchele asiyeweza kusimama ni gunia. Atawekwa kwenye kona, ataletewa uji, na Watiri atakuja kila siku kumweleza namna ya kuunywa. Ndiyo sababu alivaa soksi, na ndiyo sababu mguu ulikwenda juu ya kreti.

Na sasa Watiri alikuwa amesimama mbele ya hiyo kreti, mikono kiunoni.

"Huyo daktari alitabiri nini? Kidonda. Iko wapi? Lete niione. Alitabiri kibuyu. Iko wapi?"

"Soksi ndiyo inazuia."

"Mimi sijawahi kuvaa sufuria kwa kichwa na hakuna jiwe imeniangukia."

"Wewe jiwe zinakuogopa, Mama Muriithi."

Mutahi akacheka kabla ya kujizuia, akapata jicho la dada yake, akageuza kicheko kikawa kikohozi.

Watiri akabadilisha njia. Akatoa kitambaa cha meza kilichofumwa maua, akakitandaza juu ya mguu, akaweka juu yake chupa ya maua ya plastiki. Akarudi nyuma kutazama.

"Haya. Hiyo ni meza."

"Meza iko na vidole?"

"Nitafunika vidole na sahani ya nduma za kuchemsha."

"Na Mzee Kingori akitaka kuweka chai yake? Aiweke kwa muundi yangu?"

"Utavumilia."

"Na nikikohoa? Meza itaruka?"

"Basi uteremshe! Ni saa moja tu! Mtu hafi kwa saa moja!"

Hapo Kabura akatoka jikoni. Alikuwa amevaa gauni la bluu aliloshona mwenyewe, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuwa akisikiliza nyuma ya mlango na kulia ndani ya sufuria ya wali.

"Maitu," akasema, kwa sauti ndogo. "Baba yake Peterson ni mtu wa heshima sana. Peterson ameniambia hajawahi kumwona amekaa vibaya hata siku moja. Hata kwake anakaa wima, fimbo mbele. Akiona hivi atasema tumemdharau, na ataondoka. Nakuomba. Saa moja tu."

Wangechi akamtazama mtoto wake, kwa namna aliyoweza, maana kichwa kilikuwa chini na Kabura alionekana amesimama darini. Kwa Watiri angeweza kushindana mpaka ng'ombe warudi. Kwa huyu hakuwa na silaha.

Akafikiri habari ya daktari. Pengine mwaka ujao, pengine miaka mitano, pengine isije kabisa. Ni utabiri gani huo? Hata mganga wa uongo hukupa siku. Na kweli, hajaona chungu, hajaona kibuyu. Pengine yule kijana alikuwa na baridi tu, na mtu mwenye baridi huona mabaya.

"Sawa," akasema.

Watiri hakungoja neno la pili. Aliondoa chupa ya maua, akaondoa kitambaa, na kwa kuwa ameshinda akaamua kushinda kabisa: akashika ncha ya soksi na kuanza kuivua.

"Hiyo uiache!"

"Tutafanya nini na mguu ya Mzungu mbele ya wazee? Baba Kabura, shika huku!"

Mutahi akashika. Wakavuta, kiti kikavutwa pamoja nao, Wangechi akavutwa pamoja na kiti, na soksi ikachomoka ghafla hivi kwamba Watiri alikaa juu ya sahani ya nduma. Akainuka, akaitazama soksi, akatazama huku na huku mahali pa kuificha, akaisokomeza ndani ya chupa ya maua.

Wangechi akashusha mguu kutoka mto wa kwanza. Akaushusha kutoka wa pili. Alihisi damu ikianza kukimbia chini, kama maji yanayokuta mlango umeoza, na kifundo kikajibu kwa maumivu madogo, ya kizamani.

"Hodi?"

Hakuna aliyesema karibu. Mlango ukafunguliwa.

Kwa vile kichwa chake kilikuwa bado chini, Wangechi hakuona kofia wala koti. Aliona kwanza ncha ya fimbo ikipita kizingiti. Kisha kiatu cha kulia. Kisha cha kushoto, ambacho hakikuinuka chenyewe. Mzee alishika suruali yake kwa mkono, akaunyanyua mguu wote kama mtu anayenyanyua debe, na suruali ikapanda.

Kifundo kilikuwa kimefungwa kitambaa cha zamani, chenye doa la maji maji upande wa ndani. Ngozi juu ya kitambaa ilikuwa nyeusi inayong'aa, nyeusi ya chungu. Chini kumebana, juu kumejaa.

Kibuyu. Kibuyu kimesimama kwa shingo, kinaingia mlangoni kwake kwa miguu.

Wangechi akajivuta kitini. Mguu wake wa kushoto ukapanda mto wa pili. Ukapanda wa kwanza. Ukajinyoosha pale juu kwenye kreti, mtupu, unyayo ukimtazama mkwe usoni, na mkono wa Wangechi ukaenda kwenye chupa ya maua kutafuta soksi.

Mzee Kingori akasimama kizingitini. Akautazama ule mguu. Akatazama mito, kreti, kigoda. Akavua kofia polepole, kama mtu aliyeona kitu ambacho aliwahi kuambiwa zamani akakataa.

"Karibu, Baba Peterson," Watiri akaanza, nduma zikimdondoka nyuma ya sketi, "karibu sana, wala usiangalie hapo, huyu mama alikuwa tu ana—"

"Mwacheni aupandishe," Mzee akamkatiza, "mimi niliambiwa hivyo zamani, nikakataa."